Mwimbaji wa Ghorofa ya Saba na Mkalimani Wake

Kabla sijajua kwamba alikuwa mwimbaji, nilimjua kama mwanamke aliyechukua zamu yangu ya kufua.

Wanaoishi kwenye maghorofa ya Bredäng, pembeni mwa Stockholm, wanajua uzito wa jambo hilo. Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo, mashine ni mbili, na kwenye ubao wa ukutani kila nyumba ina kufuli yake ndogo ya kuonyesha saa iliyojichagulia. Mtu anaweza kukaa na jirani miaka ishirini bila kumsalimia, lakini akiingiliwa zamu yake ataandika barua kali na kuibandika mlangoni. Siku ile nilishuka na kapu langu saa nne asubuhi nikakuta mashine zote mbili zinazunguka. Mbele ya mashine hizo alikaa mama mzee wa Kizungu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa koti kubwa la kiume na midomo imepakwa rangi nyekundu kama anakwenda harusini. Nikamwambia kwa Kiswidi changu cha polepole kwamba saa hii ni yangu. Alitazama ubao, akatazama kapu, kisha akatoa tusi la Kifaransa ambalo sikuwa nimelisikia tangu nilipotoka Bukavu.

"Madame," nikamjibu kwa Kifaransa, "tusi hilo halisemwi mbele ya mashuka ya mchungaji."

Kweli yalikuwa mashuka ya mchungaji mgeni aliyelala kwetu. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Nani alikufundisha Kifaransa? Wamisionari?"

"Ndiyo, Madame."

"Inasikika. Unaongea kama barua."

Tangu siku hiyo akaniita "mon vieux", yaani mzee wangu. Kwao ni maneno ya kutaniana tu, lakini kwetu Kongo mtu akiitwa mzee kwa Kifaransa amepewa heshima, basi nikaipokea kama heshima. Mimi nilimwita Madame mpaka mwisho. Kanisani walimwita Tantine, yaani shangazi. Sitaandika alizaliwa wapi wala kwa nani, maana hakupenda kuulizwa na mimi sikumuuliza.

Habari za kazi yake nilizipata vipande vipande, mara nyingi akimenya viazi jikoni kwake, ghorofa ya saba. Alianza kuimba katika ukumbi wa chakula huko Ufaransa, mahali ambapo watu walikuja kula na mwimbaji alikuwa kitu cha kando kama chumvi. Huko alijifunza kusubiri. Alisimama mbele yao, akaanza kwa sauti ya chini, akasikiliza sahani. "Uma zikinyamaza," aliniambia, "hapo ndipo wimbo unaanza. Kabla ya hapo unafanya mazoezi tu." Baadaye alirekodi sahani za santuri, akaimba redioni, na watu wa sinema wakamwona. Alicheza katika filamu kumi na moja, na katika saba alikufa kabla filamu haijafika katikati. Alijivunia vifo hivyo. Alinionyesha namna ya kufa kwa kifua na namna ya kufa kwa risasi, akiwa ameshika kisu cha viazi, na mke wangu akapiga kelele akidhani ameshikwa na moyo kweli.

Filamu moja ndiyo iliyomfuata maisha yote. Ndani yake aliingia mtoni bila nguo, mgongo umegeuziwa kamera. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. "Nchi nzima inaukumbuka mgongo wangu," alisema, "na hakuna anayekumbuka wimbo hata mmoja."

Stockholm alikuja kwa ajili ya filamu ya tisa, akicheza mwanamke anayesubiri meli wakati wa baridi. Walimsimamisha juu ya barafu muda mrefu mno, mpaka fundi wa taa, Mswidi asiyeongea, akavua koti lake akamvika. Aliolewa na fundi huyo. Filamu yenyewe haikufika mbali, ila koti lilibaki, na ndilo lile nililoliona siku ya kwanza kule kwenye mashine. Akafanya nyingine mbili, kisha simu ikaacha kulia. Miaka mingi aliimba katika meli za kwenda Finland, kwa watu waliokuwa wakinywa na kutapika. Hakulalamika. Alisema meli inayoyumba ilimfundisha kusimama.

Kusimama lilikuwa jambo kubwa kwake. Popote alipoimba, alibandika kwanza kipande kidogo cha utepe mwekundu sakafuni, kama walivyofanya kwenye filamu ili mchezaji asitoke kwenye mwanga. Kabla ya kuimba alikula yai moja la kuchemsha, bila chumvi. Ukutani kwake hapakuwa na picha yake hata moja, lakini kwenye friji alibandika maneno mabaya aliyoandikwa magazetini. Nilimuuliza kwa nini hakuweka yale mazuri.

"Sifa wanamwandikia kila mtu," alisema. "Haya waliyaandika kwa ajili yangu mimi."

Alikuwa mtu wa kugongana na nafsi yake. Alichelewa kila mahali, nami nikichelewa dakika tano alininunia jioni nzima. Alisema hamjui Mungu kati ya Jumatatu na Jumamosi, lakini mke wangu alipolazwa hospitali alikaa naye siku nne na kumwimbia bila kwenda nyumbani kubadilisha nguo. Wakati wa maombi hakufumba macho. "Nimefumba macho mbele ya kamera nyingi sana," alisema. "Huyu nataka kumtazama."

Mke wangu ndiye aliyemwalika kanisani. "Huyu mama iko na njaa ya watu," aliniambia. "Si njaa ya chakula. Ingawa na chakula pia, mtu gani anakula yai moja?" Usharika wetu hupanga kanisa la Waswidi kule Vårby gård, saa nane mchana, wao wakishamaliza ibada yao. Wengi ni watu wa Kivu, pamoja na Warundi na Wakenya wachache. Mahubiri huwa ya Kiswahili, na mgeni akija na lugha nyingine mimi nilisimama kando yake na kumtafsiri. Kwetu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hapa nilisafisha treni hadi nikastaafu. Ukalimani ndio uliokuwa cheo changu. Nilipenda kusimama pale mbele, maneno ya mwingine yakipita kinywani mwangu. Nakiri kwamba nilipenda kuliko ilivyofaa.

Alikuja Jumapili tatu, akakaa nyuma. Ya nne aliniambia, "Mon vieux, nataka kuimba na wale mama."

Nilifurahi. Lakini kwetu mtu aliyewahi kuimba muziki wa dunia haingii kwaya hivi hivi. Husimama kwanza mbele ya watu na kutoa ushuhuda kwamba ameyaacha. Baraza la wazee lilikaa, mimi nikiwamo, na mwenyekiti wetu akasema, "Atubu hadharani, kisha avae sare. Tusimfungie mlango wala tusiutupe ufunguo." Nilimpelekea Mwimbaji habari, lakini nililainisha. Nilimwambia tu kwamba wanataka aeleze maisha yake. Huo ulikuwa mwanzo.

Jumapili hiyo alibandika utepe wake sakafuni, akasimama juu yake, nami nikasimama kando. Nayakumbuka maneno yake kama ninavyokumbuka jina langu. Alisema: "Niliimba nyimbo za mapenzi kwa watu waliokuwa wanakula, na sioni haya. Niliingia mtoni bila nguo, maji yalikuwa baridi, nikapata kikohozi, na kwa kazi hiyo mama yangu alipata jiko la kupikia. Ninamshukuru Mungu aliyenipa sauti kabla sijamjua. Sikuja hapa kutupa kitu. Nimekuja kuimba pamoja nanyi."

Watu wakanigeukia. Mwenyekiti alikuwa mstari wa mbele. Mama wa kwaya walikuwa wameshika sare yake, imeshapigwa pasi. Nikaona kwamba nikisema alichosema, sare ile itarudi kabatini.

Nikasema: "Anasema alizama katika mto wa dunia. Aliuza mwili wake na sauti yake, akaugua. Leo anaona haya mbele yenu, na yote anayatupa."

Kanisa lililipuka. Haleluya, vigelegele, vitambaa hewani. Walimkumbatia, wakamvika sare palepale. Alilia. Aliniambia katika treni ya kurudi, "Sijawahi kupigiwa makofi hivyo kwa kusema ukweli." Nikatazama nje ya dirisha.

Msomaji atauliza ilikuwaje asijue, naye anaongea Kiswidi na vijana wetu wote. Sababu ni adabu yetu. Mtu akishatubu hadharani, kumkumbusha aliyoyaacha ni dhambi kubwa kuliko aliyoyafanya. Hakuna aliyemgusia. Uongo wangu ulilindwa na heshima ya watu wema.

Na haukukaa peke yake. Habari zilienea, akaitwa kutoa ushuhuda kwa ndugu wa Norsborg, kisha mahali pengine. Yeye alisema maneno yaleyale. Mimi niliongeza. Norsborg nilimpa ulevi, mtu ambaye hakugusa hata divai kwa sababu ya koo lake. Kwingine nilimpa machozi ya usiku. Mara moja aliniuliza, "Hivi Kiswahili ni kirefu namna hii?"

"Ni lugha ya adabu, Madame," nikamwambia.

Niliwahi kufundisha watoto amri ya kutoshuhudia uongo. Niliwafanya waikariri.

Sasa nifike kwa mjukuu wangu, maana huko ndiko uongo ulikokwenda kuzaa.

Binti wa mwanangu wa kwanza amezaliwa hapa. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, lakini akiimba, aliimba lugha yoyote. Mwimbaji alimsikia kwaya ikifanya mazoezi na akamwita kwake kila Alhamisi baada ya shule. Alimlaza sakafuni na kumwekea kamusi kubwa ya Kifaransa juu ya tumbo, apumue mpaka kamusi ipande na kushuka bila kutikisika. "Huyu," aliniambia, "uma zitanyamaza kabla hajafungua mdomo." Sijamwona na furaha kama ile, hata siku ya sare.

Mtoto alipofika umri wa kuchagua shule ya juu, alipata nafasi katika shule ya muziki. Mwanangu alikataa. Nilikuwepo sebuleni kwake siku hiyo, chai mkononi.

"Muziki wa jukwaani si maisha," alimwambia bintiye. "Hata Tantine mwenyewe alitubu. Ulisikia. Kwa kinywa cha babu yako huyu."

Mtoto akanigeukia. Aliniuliza kwa Kiswidi, polepole ili nielewe vizuri: ni kweli alisema hivyo? Kwamba anaona haya?

Chai ilikuwa moto. Nilikunywa funda moja.

"Ulisikia," nikamwambia.

Neno moja tu, na halikuwa hata uongo. Kweli alikuwa amesikia. Akasema "okej", akaenda chumbani kwake. Nadhani alimwona Mwimbaji kuwa mnafiki, mwanamke anayemfundisha mtoto wa watu kitu alichokitupa mwenyewe kwa aibu. Hakurudi tena ghorofa ya saba. Aliacha kwaya pia. Leo anafanya kazi katika duka la dawa, ni binti mpole, na haimbi hata akiosha vyombo.

Wiki chache baadaye Mwimbaji alinisimamisha mbele ya lifti. "Mon vieux, nilimfanya nini yule mtoto?"

"Masomo yamekuwa mengi, Madame."

"Nilimkaripia kuhusu kidevu. Ni kidevu?"

"Hapana, Madame. Ni masomo."

Kwa miaka sita, mara mbili au tatu kila mwaka, aliniuliza kuhusu kidevu. Nami kila Jumapili nilifungua kinywa kutafsiri wageni, na watu waliniambia, Baba Mzee, una karama.

Mwaka huu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Walimhamishia makao ya wazee, vituo kadhaa mbele kwenye njia nyekundu ya treni, ileile inayopita kwetu. Huko Kiswidi chake kilianza kumtoka, kama inavyotokea kwa wazee, kikabaki Kifaransa peke yake. Wahudumu waliomba nije kuwasaidia kuelewana naye. Nilikwenda kwa furaha. Hata huko nilikuwa mkalimani.

Muuguzi alikuwa binti wa Kiswidi mwenye subira. Alivuta kiti, akaniambia nimuulize kama kuna jambo linalomsumbua, kwa sababu halali. Nikamuuliza.

"Mwambie kuna mtoto niliyemharibia sauti," alisema. "Nilimwambia neno fulani, sijui lipi, akaacha kuimba. Ninalitafuta hilo neno."

Muuguzi alinitazama, akisubiri. Nilifungua kinywa. Nimetafsiri maombi na mahubiri, nimetafsiri hata mazishi, sikuwahi kukwama. Hapo nilikwama.

"Samahani," nikamwambia muuguzi. "Jambo hili si lake. Ni langu."

Nikavua kofia nikageukia kitanda, nikamwambia yote kwa Kifaransa. Mto wa dunia, Norsborg, ulevi, chai, "ulisikia". Nilimaliza kwa kuomba msamaha, kwa jina la Mungu anayetuona.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Toka."

Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, "Rudi. Simama pale, kwenye mwanga. Sema nilichosema siku ile. Kwa Kiswahili chako kirefu."

Nikasema.

"Macho yako yako sakafuni. Sakafu haikukosewa. Tena."

Nikarudia.

"Unaharakisha mto. Kwa nini unaharakisha mto? Maji ni baridi. Tena."

Hakujua neno hata moja la Kiswahili isipokuwa amina na ugali, lakini kila nilipolegeza sentensi alijua. Alinirudisha mara tano.

"Kwenye filamu tulirudia mpaka iwe kweli," alisema mwishowe. "Wewe ulipewa nafasi ukaiharibu. Jumapili unarudia. Simama kwenye alama yangu."

"Na msamaha, Madame?"

"Kazi kwanza."

Jumapili niliomba nafasi kabla ya mahubiri. Kipande cha utepe bado kilikuwepo, kimefifia, ukingo wake umeingia chini ya zulia. Nikasimama juu yake. Mke wangu alikuwa anajua, nilikuwa nimemwambia Jumamosi, na alikaa mstari wa mbele badala ya mahali pake pa kawaida. Nilisema alichosema Mwimbaji, neno kwa neno, mto, kikohozi na jiko. Kisha nikasema nilichosema mimi. Nikasema na ya sebuleni kwa mwanangu.

Mwenyekiti alivua miwani. Mwanangu alitazama mikono yake. Hakuna aliyesema amina, na hakuna aliyenizomea. Nikaomba nisitumike tena kama mkalimani, na wazee wakakubali bila mjadala. Sasa kuna mama mmoja kijana anayefanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi, na kwa maneno machache zaidi.

Mjukuu wangu huja kanisani siku hizi kwa ajili ya mama yake tu, na alikuwa nyuma kabisa. Alinikuta nje, nikijaribu kufunga vifungo vya koti. Hakuniita babu. Aliuliza kitu kimoja, kwa Kiswidi: "Vilken avdelning?" Yaani, yuko wodi gani. Nikamwambia. Akaondoka.

Jumanne nilikwenda makao ya wazee kutoa taarifa. Mwimbaji alikuwa ameketishwa dirishani, koti la fundi wa taa mabegani, midomo imepakwa rangi, kwa mkono usiotulia. Mezani palikuwa na maganda ya yai.

"Walipiga makofi?"

"Hapana, Madame. Walinyamaza."

"Wote?"

"Wote."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. "Uma," alisema.

Nilikaa. Nilingoja aseme neno la msamaha, kama mtu anayengoja kwenye foleni na namba yake mkononi. Alikuwa anatazama sakafu kando ya kitanda.

"Yule mtoto alikuja jana," alisema. "Hakusalimia. Alilala hapo chini, wahudumu wakadhani ameanguka, wakaja mbio." Alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha akakunja uso. "Anapumua vibaya sana. Miaka sita! Kifua kimefunga kama mlango. Mwambie Alhamisi aje saa kumi, asichelewe, na alete kamusi, kubwa, si ile ndogo. Mwambie kidevu hakikuwa kitu. Mwambie hivyo."

"Nitamwambia, Madame."

"Hivyo hivyo, mon vieux. Usiongeze kitu."

Nikaaga. Neno la msamaha halikuja, na sikuliomba tena. Katika treni nilikaa na mikono magotini nikiyarudia maneno yake kwa sauti ya chini, kila kituo, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akahama kiti. Alhamisi, saa kumi, kamusi kubwa, kidevu hakikuwa kitu. Nilishuka, nikaenda nyumbani kwa mwanangu nikagonga, na alipofungua mjukuu wangu, nikamwambia hayo, na hayo tu.